Kumi na Nne, na Tuomo

Niskala, 4 Septemba 2011

Shangazi Helka,

Shikamoo kutoka nyumbani. Huku tu wazima, ila goti la Baba limegoma tena tangu tung'oe viazi. Ukimwambia aende hospitali anakujibu goti ni lake na maumivu ni yake, na hapo mazungumzo yameisha. Wawindaji wameanza kupitapita na mbwa wao, na sauna yetu imepata bomba jipya baada ya lile la zamani kutufukiza moshi kama samaki. Ningekupigia simu nikueleze yote haya kwa mdomo, lakini najua masikio yako na simu hayapatani, basi vumilia mwandiko wangu.

Nimepewa darasa la kwanza na la pili kwa pamoja, watoto kumi na wanne. Mmoja yuko kwenye kiti cha magurudumu, anaitwa Roosa, na ulimi wake ni wembe. Mwingine, Hilla, ana miaka saba na hasemi neno lolote. Anasikia vizuri, anaelewa kila kitu, lakini hasemi. Miaka ya nyuma wangepelekwa shule maalumu mjini. Sasa wako kwangu pamoja na wenzao, na nina msaidizi mmoja, Marketta, mwenye miguu mizito na roho nyepesi.

Sasa sikiliza. Nilikuwa napanga kabati la nyuma ya darasa, chini ya ramani zilizoliwa na panya, nikakuta daftari la kijani lenye jina lako. Shangazi! Mimi nilikua nikijua wewe ni fundi wa kushona huko Västerås, ng'ambo ya bahari. Niliwahi kusikia ulifundisha "mahali fulani". Kumbe mahali fulani ni darasa langu hili hili! Nimelisoma daftari lote kwa kikao kimoja. Jinsi ya kuwafundisha watoto kinamasi cha Varpusuo kwa mikono, kwa pua, kwa masikio. Jinsi ya kumpa asiyeona kazi ya kunusa, asiyetulia kazi ya kubeba ndoo. Na umeandika haya miaka ya themanini, wakati wenzako walikuwa bado wanafunga mlango wa darasa kwa ndani!

Nilimwonyesha Baba. Alilitazama jalada tu, hakulifungua. Akasema, "Daftari la watu lirudishe ulikolitoa." Kisha akatoka kwenda kupasua kuni, na goti lake lile, na kuni zimejaa ghala.

Naomba ruhusa yako nilitumie. Na swali moja: kurasa zinakwisha tarehe 18 Septemba 1984. Umeandika tu "Varpusuo, saa mbili u nusu, hali ya hewa nzuri," halafu kurasa tupu. Kwa nini uliacha?

Mpwa wako,
Saija

* * *

Västerås, 2 Oktoba 2011

Saija mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi, ila nilikuwa na mafua, halafu paka alikuwa na mafua, halafu nilikuwa na uvivu. Mwandiko wako ni wa kuku aliyefukuzwa. Mwalimu wa darasa la kwanza anaandika hivyo? Mwambie baba yako asipopeleka goti lake kwa daktari nitamtumia fimbo ya maua, ile ya vikongwe wa Kiswidi, aone haya.

Mimi naendelea. Nimeacha kushona mapazia ya watu, macho yamekataa. Asubuhi natembea ufukweni mwa ziwa, jioni nafumba macho mbele ya televisheni. Ndiyo maisha yote hayo.

Daftari litumie. Ukimaliza litie kwenye jiko.

Kwa kuwa utakwenda Varpusuo hata nikikukataza, shika haya. Usivuke msonobari mkavu unaosimama peke yake, kama bado umesimama. Kaeni kushoto kwake, kwenye ile njia ya mbao. Asitoke mtoto kwenye mbao bila mkono wa mtu mzima.

Na mnapohesabiana, kila mtoto apaze sauti aseme namba yake, mmoja baada ya mwingine, kama tulivyofanya sisi. Lakini huyo Hilla mpe namba yake mwenyewe. Usimshike mkono ukasema, huyu ni wangu, huyu yuko nami. Mpe kengele, na namba yake ikifika aipige. Usimpe namba ya mwisho, Saija. Mpe ya katikati. Mtoto asiyesema akiwa wa mwisho, kimya chake hakitofautiani na mwisho wa hesabu. Akiwa katikati, wote watasikia kwamba pana pengo, watasimama.

Hili nimeliandika kwa wino mzito ili ulisome mara mbili.

Shangazi yako,
Helka

* * *

Niskala, 16 Oktoba 2011

Shangazi mpendwa,

Tumekwenda! Baba anakusalimu (uongo, hajasema kitu, ila alitia sikio niliposoma sehemu ya fimbo, akacheka puani). Theluji ya kwanza imedondoka na kuyeyuka siku hiyo hiyo. Nimekutengea jamu ya matunda ya kinamasi, chupa mbili, ukija utaikuta.

Msonobari wako bado umesimama. Wanaume wa kijiji waliongeza upana wa mbao msimu wa kiangazi, kwa hiyo kiti cha Roosa kinapita, ingawa alimwambia Marketta, "Sukuma taratibu, mimi si gunia la viazi." Nilifanya somo lako la kukamua. Kila mtoto alichukua konzi ya majani yale laini yanayonyonya maji, ya upande wa kinamasi ambao haujaguswa, akayakamulia kwenye kikombe. Cha Roosa kilifurika. Halafu tukaenda upande uliokatwa mifereji zamani ili miti ikue, wakakamua tena. Matone matatu. Aku akauliza, "Mwalimu, huku kimekufa?" Kabla sijajibu, mwenzake akamwambia, "Hakijafa, kina kiu tu." Shangazi, kwa jibu hilo ningeweza kustaafu siku ile ile. Nikawaambia mifereji itazibwa mwakani, maji yatarudi.

Nikawaambia pia kwamba kinamasi hakiozeshi kitu. Kinachozama humo hukaa vile vile, hata miaka elfu. Aku akauliza, "Hata mtu?" Nikasema, "Hata mtu." Walishangilia, unawajua watoto.

Tulihesabiana ulivyoelekeza. Hilla ni namba saba, na kengele nimempa ya kondoo. Moja, mbili, hadi sita, kengele, nane, hadi Roosa ambaye ni kumi na nne. Safi kabisa. Halafu, Shangazi, Hilla alisubiri kidogo kama mtu anayempa mwenzake nafasi, akageuka nyuma, akapiga kengele tena. Mara moja tu. Marketta akacheka, "Mtoto kapata kitu cha kuchezea." Nilihesabu upya. Ikatokea tena. Mara ya tatu pia. Niliinama kufunga buti, sikutaka watoto wauone uso wangu.

Hilla analelewa na bibi yake, Elvi, yule wa nyumba ya ng'ambo ya daraja. Kwenye karatasi ya ruhusa niliandika mto na kinamasi. Mto aliukata kwa mistari miwili. Kinamasi alikitia sahihi papo hapo, akasema, "Huko mpeleke hata kila siku. Kinamasi hakijatuchukulia kitu sisi." Marketta ndiye aliyenieleza baadaye kwamba Elvi alikuwa na mtoto wa kiume, Tuomo, naye hakuwa akisema. Alitoroka uwanjani pa shule akazama mtoni, hakuonekana tena. Mwaka 1984. Ulimfahamu?

Saija

* * *

Västerås, 20 Novemba 2011

Saija mwanangu,

Nashukuru kwa salamu na kwa jamu, ingawa sitakuja kuila. Huku mvua na upepo. Jirani yangu wa chini amefariki, alikuwa mtu wa watu, tumemzika Ijumaa. Paka amepona.

Nilimfahamu. Elvi nilisoma naye dawati moja tangu darasa la kwanza.

Acha kwenda Varpusuo mpaka ardhi igande.

Huyo mtoto anapopiga kengele ile ya pili, anageukia upande gani?

Helka

* * *

Niskala, 4 Desemba 2011

Shangazi,

Natumai baridi ya huko haikukazii viungo. Hapa imeshika kweli, ndoo ya kisimani inapasuliwa kwa shoka. Baba ameanguka kwenye ngazi ya ghala, hajavunjika, amechubuka mkono na heshima. Jumanne ni sikukuu ya uhuru, tutawasha mishumaa miwili dirishani kama kawaida.

Ardhi imeganda, tukaenda tukiteleza kwa ski, na Roosa kwa kijigari cha theluji akitupigia kelele kama nahodha. Tulisoma nyayo za sungura na mbweha. Watoto hawashangai tena. Roosa akishasema kumi na nne, kengele ikilia, wote wanaitikia kwa pamoja, "Na kumi na tano!" kisha wanaendelea na mchezo wao. Mimi ndiye ninayeshindwa kuzoea. Umeuliza anageukia wapi. Anageukia kulia kwa msonobari, huko ulikosema tusiende. Sikumwambia mtu yeyote kwamba ulisema.

Mwalimu mkuu amesikia habari hizi. Anasema Hilla anavuruga hesabu, na hesabu ni usalama. Anataka ahamishiwe shule maalumu mjini mwakani. Nilimwambia Hilla ndiye mtoto pekee ambaye hajawahi kukosea namba yake. Aliniambia nikae na wazo hilo.

Siku ya kuwakumbuka marehemu nilimsindikiza Elvi kuwasha mshumaa. Watu wote walikuwa makaburini, sisi tulikuwa peke yetu pale mtoni. Tuomo kaburi hana. Anakwenda pale kila wiki, Shangazi, miaka ishirini na saba. Anauambia mto habari za nyumbani, nani kaoa, ng'ombe gani kazaa. Akaniambia, "Tarehe kumi na nane Septemba. Jumanne. Hali ya hewa ilikuwa nzuri."

Maneno hayo niliyasoma kwenye daftari lako. Nilimshika bega kama vile yeye ndiye aliyekuwa akianguka.

Sitakuuliza. Nimekwisha kuuliza mara mbili.

Saija

* * *

Västerås, 9 Januari 2012

Saija mwanangu,

Heri ya mwaka mpya, wewe na kaka yangu. Nimeianza barua hii mara nyingi tangu Krismasi. Leo nimejifungia, nimezima redio, nitaiandika hadi mwisho.

Tuomo alikuwa na miaka saba. Kwa karatasi alikuwa wa darasa maalumu mjini, lakini nilimwomba Elvi anipe mtoto siku mbili kwa wiki akae na wenzake wa kijijini. Elvi aliogopa. Nilimwandama wiki tatu jikoni kwake. Nilimwambia, "Elvi, mimi nimwamini nani kama si wewe, na wewe umwamini nani kama si mimi?" Akakubali shingo upande.

Kwenye orodha yangu walikuwa kumi na wanne. Tuomo hakuwa wa orodha yangu, alikuwa wa orodha ya mjini. Kwa hiyo tulikuwa tunasema wote, mimi, mpishi, watoto wenyewe: kumi na nne, na Tuomo. Nilikuwa najivunia hata hilo "na Tuomo", niliona ni neno la upendo. Njiani nilimshika mkono. Namba sikumpa, maana angeisemaje?

Siku ile niliwapanga warudi. Tuomo nilimweka nyuma kabisa. Mtoto mmoja alikuwa analia, buti limejaa maji, nikaenda kumshika yeye. Wakahesabu, moja hadi kumi na nne, sauti safi. Tukaondoka. Kwenye geti la shule wakahesabu tena, kumi na nne. Hesabu ilitimia, Saija. Nilifurahi jinsi ilivyotimia. Waliingia kula, nami nikapita kwenye ukumbi wa makoti. Kigingi chake kilikuwa kitupu.

Nilimwambia mpishi kwamba Tuomo ninaye mimi. Nikakimbia peke yangu. Nilifikiri nitamkuta amekaa kwenye mbao, nimrudishe, asijue mtu. Nilimtafuta saa nzima na zaidi, nikaingia hadi mapajani. Kulia kwa msonobari niliokota glovu yake. Niliitia mfukoni. Nasema nilivyofanya: niliitia mfukoni.

Niliporudi mwalimu mkuu wa wakati ule aliuliza tu, "Tangu lini?" Na mdomo wangu ukasema, "Tulirudi wote. Amenitoroka hapa uwanjani sasa hivi." Watoto waliulizwa, wakasema kweli, hesabu ilitimia. Nyumbani kwa Elvi ni ng'ambo ya mto, kwa hiyo kila mtu akakimbilia mtoni. Walipiga nyavu siku tano. Nami nilisimama ukingoni nimemshika Elvi mkono.

Baba yako aliendesha teksi ya shule. Alikuja saa nane, akaziangalia buti zangu, matope meusi hadi juu. Uwanja wa shule ulikuwa mkavu. Hakusema kitu, na hajasema hadi leo. Januari nilihama.

Glovu ninayo. Sikuwahi kufundisha tena.

Sikuombi unisamehe. Barua hii ni yako, ichome au msomee Elvi. Mimi nimeshindwa miaka ishirini na saba kumwandikia mstari mmoja.

Helka

* * *

Västerås, 26 Februari 2012

Saija,

Natumai mko wazima. Wiki saba hujajibu. Nimekwenda kwenye sanduku la barua kila siku, postamani ananionea huruma. Hata ukiandika tusi, andika.

Helka

* * *

Niskala, 29 Aprili 2012

Shangazi,

Baba ni mzima, goti limefanyiwa upasuaji mwezi wa pili. Theluji imebaki kwenye vivuli tu na korongo wamerudi. Hayo ndiyo mazuri.

Nisikilize jinsi nilivyokaa kimya. Niliisoma barua yako mara moja, nikaiweka ndani ya daftari lako, daftari nikalirudisha kabatini chini ya ramani. Nilijiambia nitamweleza Elvi Jumamosi. Jumamosi ikapita. Nilijua akisikia atamwondoa Hilla, na mwalimu mkuu atapata alichotaka. Kwa hiyo nilinyamaza kwa faida ya mtoto, unaona? Na mara tatu nilimpeleka Hilla Varpusuo kwa sahihi ile ya bibi yake, ya mtu anayeamini kinamasi hakijamchukulia kitu. Mara tatu kengele ililia baada ya kumi na nne, nami nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Haya, twendeni." Nilidhani nitakuchukia. Nilikuelewa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Si vigumu hata kidogo. Unaamka, unachemsha kahawa, siku inakwenda.

Jumanne Elvi alikuja na karatasi ya ruhusa ya majira haya. Mto akaukata mistari miwili. Alipofika kwenye kinamasi, kalamu ikiwa juu ya karatasi, nilijisikia nikisema, "Elvi, usitie sahihi."

Tulikwenda kwake. Nilimsomea barua yako yote, kwenye meza yake ya jikoni, kahawa ikapoa. Hakulia. Alinitaka nirudie sehemu ya foleni, halafu sehemu ya glovu. Alitazama dirishani, kule mto ulipo, akasema, "Nimekuwa nikizungumza na maji matupu." Baadaye akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kwa hiyo hakuwa anakimbia?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Asubuhi ile Tuomo alishikilia mwimo wa mlango, hataki kuondoka. Teksi ya Baba ilikuwa inangoja. Elvi alimbandua vidole kimoja kimoja, akamsukuma ndani ya gari, akampungia mkono naye anapiga vioo. Walipomwambia ametoroka shuleni upande wa mtoni, alijua papo hapo: anakuja nyumbani. Amechukia nilikompeleka, anakimbilia kwangu, na mimi ndiye niliyembandua vidole. Hilo ndilo amelala nalo usiku wote wa miaka hii, Shangazi. Watu walidhani anaulilia mto.

Akaniuliza tena, "Alikuwa anakimbia, au hakuwa anakimbia?" Nikasema sijui, shangazi hakuandika. Akasema, "Basi muulize. Na asikuandikie wewe. Aje aniambie mimi."

Polisi wa mjini nimewapa taarifa, watakwenda Varpusuo ardhi ikilainika. Nyumbani Baba nilimwambia umesema. Akauliza, "Na buti amezisema?" Nikamwambia umezisema. Akalia kama mtoto, goti limenyooshwa mbele yake.

Hilla hajaja shule tangu siku ile. Elvi anasema ataamua akishasikia jibu lako.

Saija

* * *

Västerås, 6 Mei 2012

Saija mwanangu,

Wewe na baba yako Oiva nawasalimu. Polisi wa huku nimewaandikia pia, kwa jina langu kamili. Jumatano tarehe 16 nitapanda meli, Alhamisi jioni nitakuwa Niskala, na nitakwenda kwa Elvi kwa miguu yangu. Lakini siku kumi ni nyingi kwa mtu aliyengoja miaka ishirini na saba. Ukurasa wa pili ni wake. Msomee leo hii, na usitie neno lako.

Elvi,

Hakukimbia.

Asubuhi zile zote aliteremka kwenye teksi ya Oiva akiwa na machozi, hilo sitakuficha. Lakini tukifika Varpusuo alikuwa anasahau kulia. Siku ile aliona kile kijimea chenye nywele nyekundu kinachokamata wadudu. Nzi mdogo alikuwa amenasa, na majani yalikuwa yanajikunja juu yake polepole, polepole sana, kazi ya nusu siku. Tuomo alilala kifudifudi akakiangalia. Hakula soseji, hakugeuka alipoitwa. Wenzake walikuja, wakachoka, wakaondoka. Yeye alikuwa anacheka, Elvi. Ile ya kimya, mabega tu yanatikisika, unaijua.

Nilipotaka tuondoke nilimwinua mara tatu. Mara ya tatu alinisukuma kifuani kwa hasira. Nikamwambia, "Kesho, Tuomo, kesho tutarudi," nikamweka nyuma ya foleni, nikampa mgongo.

Niliporejea peke yangu majani yalikuwa bado yamebonyea pale alipokuwa amelala, maji ndiyo yalikuwa yanaanza kujaa. Glovu iliwekwa pembeni vizuri. Alikuwa ameivua ili aguse kwa kidole. Nyayo zake zilitoka pale zikaelekea mbele zaidi, penye vijimea vingine vingi, si nyuma, wala si upande wa mto.

Hakuwa anakukimbilia wewe, wala hakuwa anatukimbia sisi. Alirudi kwa sababu alikuwa hajamaliza kutazama, na kesho niliyomwahidi hakuielewa, au hakuniamini.

Helka